Mzee wa Usingizi na Mkutano wa Jumatano

Kwa miaka saba niliyofanya kazi na yule mzee, sikumbuki hata operesheni moja kubwa iliyoanza siku niliyoipanga. Mimi ni daktari mpasuaji, nimesomea matumbo na hasa saratani za matumbo. Yeye alikuwa mtaalamu wa nusukaputi, yule anayemlaza mgonjwa, akakaa upande wa kichwa kumwangalia anavyopumua, kisha akamwamsha kazi ikiisha. Wagonjwa walimwita Mzee wa Usingizi, na manesi wakafuata. Mimi nilimwita Mzee mbele yake. Mengine niliyomwita nikiwa peke yangu ndani ya gari sitayaandika hapa.

Kwa cheo nilikuwa juu yake. Kwa umri angeweza kuwa baba yangu, na hakuniacha nisahau. Akiwa amefurahi aliniita mwiitu, vile wazee wa kwetu Ukambani humwita binti yao. Akiniita Daktari, nilijua operesheni yangu imekwenda na maji.

Hakuwa mtu wa kusema hapana. Hapana ningeweza kupigana nayo, ningeipeleka kwa mkubwa wa hospitali na tukaamuliwa. Yeye alisema bado. Alifunga faili polepole, akaiweka mbele yangu, akasema, "Bado, Daktari," kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, chai ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkaribisha mtu. Ukimwuliza bado nini, alikutajia damu iliyo chini, kikohozi ambacho hakijaisha, dawa ya presha ambayo mgonjwa anameza siku akikumbuka. Na kibaya zaidi, mara nyingi alikuwa amesema kweli.

Kipimo alichokipenda hakikuhitaji mashine. Kutoka lango la hospitali yetu hadi kwenye tangi la maji kuna mwinuko wa wastani. Alimtoa mgonjwa kitandani, akapanda naye huku akimwuliza habari za nyumbani: shamba liko wapi, amepanda ndengu au mbaazi, ng'ombe wangapi wamebaki baada ya kiangazi. Aliyemaliza sentensi zake akiendelea kupanda, moyo na mapafu yake vilikuwa na nafuu. Aliyekatiza katikati kutafuta pumzi alirudishwa wodini, na jina lake likafutwa kwenye ubao wangu.

Siku moja nilitoka kumtafuta mgonjwa wa saa tatu. Nilikuwa nimeshanawa mikono, nesi ameshapanga vyombo, meza iko tupu. Nikamkuta mgonjwa wangu juu kwenye tangi, na gauni la hospitali mwilini, akimwonyesha Mzee kwa kidole upande wa Kitui alikotoka.

"Mzee, huyu alikuwa awe mezani saa hii," nikasema.

"Amesimama mara tatu njiani, Daktari. Na mlima wenyewe ni huu mdogo."

"Uvimbe haungoji yeye apate pumzi."

"Wewe unaona tumbo," akaniambia. "Mtu mwenyewe nani amemwona?"

Alisema hivyo mbele ya mgonjwa, na mgonjwa akatikisa kichwa kumkubalia.

Mkutano wa Jumatano ulikuwa wake, ingawa kwenye karatasi mwenyekiti nilikuwa mimi. Nilipofika hospitali hiyo, kazi ilikwenda kama nilivyofundishwa: naangalia picha za skani, nampigia simu daktari wa dawa za saratani, tunakubaliana, napanga siku. Mzee alikaa na hayo miezi miwili. Kisha akatangaza kwamba hatamlaza tena mgonjwa yeyote mwenye uvimbe tumboni mpaka watu sita wakae meza moja wamzungumze. Mimi, yeye, daktari wa dawa za saratani, sista wa wodi, kijana wa mazoezi ya viungo, na mama wa jikoni.

"Mama wa jikoni?" nikamwuliza.

"Yeye ndiye anajua nani amekula."

Basi kila Jumatano nilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la dawa, nikisikiliza mjadala wa mayai. Dakika arobaini kuhusu kama mgonjwa fulani anaweza kupewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliopikwa ukalainika, au abaki na uji. Nina wagonjwa kumi na wanne kwenye foleni, kutoka Kitui mpaka Kambu, na mimi najadili muthokoi. Na mjadala ukiisha, Mzee alitaka mgonjwa mwenyewe aitwe aingie. "Atuone sura," alisema. "Tukimharibu ajue ni nani wamemharibu." Mgonjwa aliingia, akatazama nyuso sita, kila mmoja akamweleza sehemu yake, na nusu saa nyingine ikapita.

Mgonjwa aliyenifanya ninyamaze kidogo kuhusu jikoni alikuwa mama mkulima wa Kathonzweni. Uvimbe wake ulikuwa kwenye utumbo mpana, umekua mpaka ukashikana na kibofu cha mkojo, na pengine na kizazi pia. Nilitaka kumfungua Alhamisi ileile. Mzee akasema bado. Damu yake ilikuwa chini, alikuwa amekonda mpaka pete imetoka kidoleni, na daktari wa vibofu alikuwa Nairobi, anakuja kwetu mara moja kwa mwezi.

"Kibofu nitakishughulikia mimi," nikasema.

"Umewahi kukata na kushona kibofu kilichoshikana namna hiyo?"

"Nimesaidia."

"Kusaidia si kufanya, Daktari. Mimi nimlaze kwa saa ngapi ukijifunza?"

Nilitoka nje nikaingia kwenye gari langu, nikafunga mlango na kumwita yale nisiyoyaandika.

Nilivyorudi, mama wa jikoni alikuwa anazungumza. Alisema yule mama hali chakula. Sahani inarudi imekwisha, sista anaandika amekula vizuri, kumbe mgonjwa anamhamishia jirani wa kitanda. Alikuwa anaogopa kula kwa sababu kila akila, kwenda choo kunamuumiza vibaya. Mimi nilikuwa nimempima mara tano, sikujua. Mama wa jikoni alijua kwa sababu jirani huyo wa kitanda alikuwa ameanza kunenepa.

Wiki tatu zikapita. Alipewa dawa ya kulainisha choo, uji wa wimbi wenye maziwa na karanga, akaongezewa damu. Kijana wa mazoezi alimfundisha kupumua kwa nguvu na kukohoa akiwa ameshika mto tumboni. Sista alimchorea kwa kalamu, akiwa amesimama, amekaa na ameinama kama mtu anayepalilia, mahali tumboni ambapo mfuko wa kupokea choo baada ya operesheni utabandikwa bila kuvutwa na leso anayojifunga kiunoni. Mimi nilihesabu siku na kununa. Nilipomfungua hatimaye, na daktari wa vibofu akiwa upande wa pili wa meza, uvimbe ulikuwa umeshika zaidi ya vile skani ilivyoonyesha.

Tulianza asubuhi. Mchana, nyuma ya kibofu, mshipa ukapasuka na tumbo likajaa damu.

"Simama, mwiitu," Mzee akasema kutoka upande wa kichwa. "Weka vitambaa, kandamiza, usiguse kitu."

"Nauona mshipa. Naweza kuushika."

"Najua unaweza. Presha imeanguka. Ukiushika sasa utaushika kwa maiti. Nipe dakika kumi."

Tulisimama, mimi na daktari wa vibofu, mikono minne ikikandamiza. Mzee alifungulia damu ya kumwongezea mgonjwa pande zote mbili za shingo, huku akimfokea mtu wa maabara kwenye simu iliyoshikiliwa na nesi sikioni mwake. Sijawahi kuwa na dakika kumi ndefu kama zile. Kila kitu nilichofundishwa kilikuwa kinaniambia nifanye jambo, na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi ananiambia nikae tu. Kisha akasema, "Haya, endelea," kwa sauti ya mtu anayekuomba umsogezee chumvi.

Mama wa Kathonzweni alikwenda nyumbani kwa miguu yake. Baada ya mavuno akaleta ndengu hospitalini, mfuko mmoja wa Mzee na mmoja wa mama wa jikoni. Mimi nililetewa salamu.

Ungedhani mtu kama huyo nyumbani ni mpole na mwenye subira. Alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoiendesha bila kofia ya chuma, akikata kona za barabara ya vumbi kama anayefukuzwa. Alikunywa chai ikiwa inachemka kwa sababu hawezi kungoja ipoe, kisha siku nzima akalalamika ulimi. Presha yake mwenyewe alikataa kupimwa. Sista alipomfuata na mashine alimwambia, "Mimi silali leo, ya nini?"

Mke wake nilikutana naye kwenye harusi ya mtoto wao, nyumbani kwao Kalamba. Nilimwambia, kwa heshima ya shughuli, kwamba mume wake ametufundisha kuamua mambo kwa pamoja. Yule mama aliweka sahani chini.

"Huyu?" akauliza. "Huyu alibomoa jikoni yangu nikiwa nimekwenda kwa dada yangu. Narudi, nakuta kuni ziko juani. Huku kwangu hakuna Jumatano."

Mzee alikuwa kando, anasikia. Akasema jikoni ilikuwa na moshi mbaya kwa mapafu, na akaendelea kula.

Nimesimulia haya kwanza kwa sababu nikianza na la mwenye duka wa Kambu, mtu atamwona Mzee kwa upande mmoja tu.

Alikuwa mfanyabiashara wa makamo, familia yake ilitoka Garissa zamani ikafungua duka Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Uvimbe wake ulikuwa kwenye utumbo mpana, si mkubwa sana, haujasambaa. Taabu ilikuwa moyo. Alipanda mwinuko wa tangi hatua ishirini, akakaa chini. Mzee akasema moyo huo hautastahimili saa sita za usingizi. Apewe dawa wiki mbili, apimwe tena, ndipo tumfungue.

Jumatano ile nilikuwa nimechoka. Tulikuwa tumeshagombana asubuhi kuhusu mgonjwa mwingine, na Mzee alikuwa ameniuliza swali moja mara tatu mbele ya watu wote kama vile mimi ni mwanafunzi. Saa nane ilikuwa imepita, sijala. Sasa, mwenye duka alikuwa amekuja ofisini kwangu jana yake na kuniambia jambo. Choo kilikuwa kimekataa kwa siku mbili, na hata hewa inapita kwa shida. Nililiandika kwenye faili. Mpasuaji akisikia hivyo anajua utumbo uko karibu kuziba, na utumbo ukiziba unaweza kupasuka. Kulikuwa na njia ya kati. Tungemfanyia operesheni ndogo tu, ya chini ya saa moja, tumtolee choo pembeni kwenye mfuko, kisha moyo utibiwe kwa nafasi. Nilikuwa nayo kichwani, maneno yamepangika.

Mzee akauliza, "Kuna mwenye jambo?"

Nikajiambia, acha ashinde leo, twende tukale. Nikafunga kalamu yangu. Mwenye duka akaitwa, akaingia na kofia yake ya kufuma mkononi, akatutazama mmoja mmoja, akaambiwa wiki mbili. Akashukuru.

Siku ya kumi na moja utumbo ukapasuka akiwa dukani. Alifikishwa kwenye hospitali ndogo ya karibu, na wakati wanatafuta gari la kumleta kwetu, akafa.

Nilimlaumu Mzee. Si kwa maneno, lakini nilihakikisha anajua. Sikumsalimia siku mbili. Siku ya tatu sista akaniambia kwamba Mzee alikuwa amepanda pikipiki yake mpaka Kambu, akakaa na waombolezaji, kisha akaomba kumwona mjane na kumwambia, "Mimi ndiye niliyesema angoje." Badala ya kunituliza, habari hiyo ilinichemsha. Nikamfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Kila Jumatano unatuambia uamuzi ni wetu sote," nikamwambia. "Lawama unaibeba peke yako kwa nini? Unataka tukuone vipi?"

"Neno lilitoka kinywani mwangu."

"Tulikuwa sita, Mzee."

"Basi mngekuja," akasema, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Na lile la choo, lililokuwa limeandikwa kwa mkono wangu kwenye faili, sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja na nusu baada ya hapo. Nikawa nasema sana mikutanoni, nasema mpaka yasiyo na maana, na watu wakadhani nimekuwa mkali. Kisha umri wake wa kustaafu ukafika. Kwenye sherehe ya kumuaga alitoa hotuba ya dakika mbili, akalalamika keki ina sukari nyingi, akaondoka kabla ya picha.

Mwaka huu, baada ya mvua fupi, nilikwenda kumtembelea Kalamba. Nilimpata shambani, ameinama kwenye mipira ya kumwagilia matikiti, na salamu aliyonipa ni kuniambia nisikanyage hapo. Nikasimama juani nusu saa nzima nikimngoja amalize kuzibua tundu moja baada ya jingine. Nilikuwa nimesafiri saa mbili na jambo lililonikaa kifuani, na yeye anapuliza mpira.

Mwishowe nikaanza tu kusema, yeye akiwa bado amenipa mgongo. Nikamweleza yote, siku mbili za choo, hewa, operesheni ndogo niliyoifikiria, kalamu.

Akainuka, akashika kiuno.

"Faili niliisoma," akasema. "Baada ya kifo. Niliona umeandika."

"Ulijua, na hukuniambia kitu miaka yote hii?"

"Na siku ile nilikuona. Umefungua mdomo, ukaufunga." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Unajua nilifanya nini, mwiitu? Nilifurahi. Nilijiambia, leo amekubali. Ningekuuliza tu, Daktari, ulikuwa unasema nini? Maneno mawili. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshinda."

Mke wake alituita chai, Mzee akamwinulia mkono angoje.

"Ndiyo maana ulikwenda Kambu peke yako?" nikamwuliza.

"Nilikwenda peke yangu kwa sababu nilikuwa nimewakasirikia wote." Akatazama jua lilipo. "Duka lao huwa halifungwi mpaka jioni. Una mafuta kwenye gari?"

Nilimwambia hatuwezi kwenda kwa mtu hivihivi, bila kumwarifu, tumpigie kwanza simu tupange siku. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye gari, na matope ya viatu vyake kwenye zulia. Tukatokea Emali, tukashika barabara ya Mombasa, na njia nzima alinilaumu jinsi ninavyoyapita malori.

Mjane alikuwa nyuma ya kaunta, anampimia mteja sukari. Alimtambua Mzee mara moja. Mzee akamtolea salamu ya Kiislamu, naye akaitikia, kisha akanitazama mimi.

"Huyu ni daktari mpasuaji," Mzee akasema. "Ana neno."

Nilimwambia nikiwa nimesimama kati ya magodoro na magunia ya mchele. Nilisema mume wake aliniletea habari ambayo ingeweza kubadilisha uamuzi, na kwamba nilikaa nayo mkutanoni bila kuitoa. Nilisema sijui kama angepona. Moyo wake ulikuwa mbaya kweli. Lakini alistahili hiyo nafasi izungumzwe, na haikuzungumzwa kwa sababu yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Mteja alikuwa ameondoka.

"Huyu mzee alipokuja wakati ule wa msiba," akasema, "aliniambia ni yeye peke yake. Nikanyamaza kwa sababu ni mtu mzima na alikuwa analia. Lakini marehemu alikuwa ameniambia mlikuwa sita mle ndani. Alifurahi sana siku hiyo. Alisema, watu sita wamekaa kwa ajili yangu." Akafunika ndoo ya sukari. "Nimekaa hapa nikingoja wale wengine. Wewe ndiye wa kwanza."

Akazunguka kaunta, akarudisha ubao mmoja wa mlango ili wateja wasiingie, akavuta viti viwili vya plastiki na yeye akakaa juu ya gunia.

"Mzee alinieleza habari ya moyo," akasema. "Ya tumbo hakuna mtu amewahi kunieleza. Anza pale alipokuja kwako."

Mzee akakohoa, akasogea mbele kutaka kusema.

"Mzee, hii ni yangu," nikamwambia.

Akarudi nyuma kwenye kiti chake. Nikamgeukia yule mama, nikaanza.